Redio ya umma ikisikilizwa kutoka Kisumu

Wanafunzi wangu wa uanahabari hapa Kisumu huingia darasani na jibu lao tayari: KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya, ni mdomo wa serikali, basi. Siwakatalii haraka. Huwarudisha kwanza mwaka 1982, kwa kuwa mwaka huo ulileta mambo mawili yanayoeleza tatizo hili kuliko mihadhara yangu mingi.

La kwanza lilikuwa Homa Bay. Kwa msaada wa UNESCO, pale palianzishwa redio ndogo ya jamii: mtambo wa bei nafuu, mawimbi yasiyofika mbali, na watu wa hapo hapo wakizungumzia mambo yao kwa lugha ya nyumbani. Ilikuwa miongoni mwa redio za kwanza za namna hiyo barani Afrika. La pili lilitokea Nairobi, alfajiri ya Agosti 1, wanajeshi wa anga walipovamia studio za Sauti ya Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa siku hiyo hiyo.

Kwa nini askari wenye bunduki wakimbilie studio? Tangu shirika hilo, ambalo leo ndilo KBC, litaifishwe mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya, nchi nzima ilikuwa ikisikiliza kutoka mdomo mmoja. Aliyeishika maikrofoni ile, hata kwa saa chache, alikuwa ameyashika masikio ya Kisumu, Kakamega, Nakuru na Lamu kwa mpigo. Mfumo uliomfaa rais ulimfaa vile vile mpinduzi. Na ile redio ya Homa Bay, ambayo haikuwa na uwezo wa kupindua hata kiti? Serikali iliifunga mwaka 1984.

Kwa hiyo mtu akiniuliza utangazaji wa umma ni nini, simwanzii na maudhui. Namwanzia na mambo mawili: nani huteua wakubwa, na pesa zinatoka wapi. Kwenye karatasi tuko vizuri. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinataka vyombo vya habari vya serikali viamue vyenyewe vitatangaza nini, visipendelee upande, na viwape nafasi wenye maoni ya kupinga. Lakini mwenyekiti wa bodi ya KBC huteuliwa na Rais. Shirika hutegemea Hazina na matangazo ya biashara, na mkopo wa Japani wa mwaka 1989 umelilemea kwa miaka mingi. Waingereza huitoza kila nyumba yenye televisheni ada ya kuiendesha BBC, na hata hivyo serikali zao hazikosi kuitikisa. Sembuse mwenye kungoja hundi ya wizara.

Machi 2024 wizara ya habari iliagiza matangazo yote ya kulipiwa ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC pekee, na suala likaishia kortini. Wapo waliosema angalau shirika litapata chakula. Mimi niliona hasara pande zote: vituo vya binafsi vinanyimwa, na KBC inafungwa kamba fupi zaidi.

Gharama ya kamba hiyo tuliiona Desemba 30, 2007. Pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, vurugu zilizuka, waandishi wakatolewa ukumbini, kisha Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akayasoma matokeo ya urais mbele ya kamera za KBC peke yake. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Weka kando kwanza swali la kura zilivyohesabiwa. Mtu wa Kondele au Nyalenda, mitaa ya hapa Kisumu, alikuwa ameacha kukiamini chombo kile miaka mingi nyuma, na sasa habari nzito kuliko zote ilimfikia kupitia hapo tu. Jiji lilivyowaka hakuna haja ya kusimulia. Sisi wa hapa tunakumbuka.

Wanafunzi hunijibu kwamba siku hizi tuna vituo vya binafsi vya lugha za mama, kwa hiyo shida imekwisha. Haijakwisha. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo, ilivinyooshea kidole baadhi ya vituo hivyo kuhusu uchochezi wa wakati ule, na mwenye kituo binafsi ana wanasiasa wake pia. Tena kuna kazi ambazo biashara haina hamu nazo kabisa.

Chukua mafuriko ya mto Nzoia. Maji yanayozamisha Budalang'i, kule chini katika kaunti ya Busia, hutoka mbali, milima ya Cherangani na mlima Elgon. Mvua inaweza kuwa inanyesha huko Trans Nzoia huku chini jua likiwaka na watu wakianika omena. Taarifa ya Nairobi inayosema "mvua kubwa inatarajiwa magharibi" haimsaidii mama wa pale. Anataka kuambiwa, kwa lugha anayoota nayo, kwamba maji yamepanda kule Rwambwa, kwa hiyo ahamishe mbuzi na magunia leo, asingoje kesho. Ndiyo kazi ya Bulala FM, redio ya jamii iliyoanzishwa kule kwa ushirikiano na Idara ya Hali ya Hewa. Hakuna kampuni ya sabuni itakayopigania kulipia dakika hizo.

KBC nayo ina Mayienga FM kwa Dholuo, Ingo FM kwa Kiluhya na Minto FM kwa Ekegusii, kwa hiyo mitambo na watangazaji wapo, na wengine ni hodari kweli kweli. Zoezi ninalowapa wanafunzi ni jepesi. Sikilizeni taarifa ya habari ya saa saba mchana kwa wiki nzima, kalamu mkononi. Andikeni sauti ya nani inasikika kwanza, mpinzani wake amepewa dakika ngapi, na habari ya Nyando au Budalang'i imekuja ya ngapi, kama imekuja. Wakileta daftari, ndipo tunaanza kubishana.