Kwa nini langilangi huchumwa kabla jua halijapanda?

Pita chini ya mlangilangi saa tatu usiku, kisha urudi saa saba mchana. Mti ni ule ule, maua yale yale, lakini ile harufu iliyokusindikiza hadi mlangoni usiku, mchana huipati mpaka usogeze pua kwenye ua lenyewe.

Ua hili huita wadudu wa usiku, wakiwemo nondo, na gizani harufu huwafikia wadudu kabla ya rangi. Harufu yenyewe ni mafuta mepesi yanayoruka hewani, na jua likishachoma huyapeperusha. Ndiyo maana wachumaji wa Unguja na Pemba hutoka alfajiri, umande ungali majanini.

Si kila ua lafaa. Changa ni la kijani na halinukii sana. Huchukua kama wiki mbili au tatu kugeuka manjano. Lipanue taratibu. Petali ni sita, ndefu, zimelegea kama utepe. Tazama ndani, zinapoungana: ukiona baka dogo la rangi ya damu ya mzee, limeiva. Likate kwa kikonyo, usilibane. Petali iliyominywa huwa nyeusi pakachani, na harufu ya maua mengine nayo huharibika.

Na hilo lisemwalo, kwamba harufu ya langilangi hutuliza moyo, je? Ndani ya langilangi mna linaloli, kiambata kilichomo pia katika lavenda. Majaribio madogo yameonyesha kuwa kuvuta harufu ya langilangi hushusha kidogo presha na mapigo ya moyo. Mimi naona masomo wetu, yaani makungwi, waliotandaza langilangi na asmini kitandani mwa biharusi mwenye wasiwasi, walijua walifanyalo. Lakini mwenye vidonge vya presha asiviache kwa sababu ya ua.

Nyumbani, yaanike maua kivulini hadi yasinyae, maana maji yakibaki mafuta huchacha. Yatie katika mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, funika siku mbili tatu, kisha chuja. Hayo ni ya kujipaka, si ya kunywa. Yale ya kiwandani yaliyokamuliwa kwa mvuke ni makali. Tone moja au mawili ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha, na ngozi ikiwasha, nawa uache. Chumbani usizidishe, kichwa kitauma: kibakuli kimoja cha maua, dirisha likiwa wazi.