Kuwatambua makinda wa ndege wa kufugwa katika siku zao za kwanza

Alama zinazofaa zaidi kumtambulisha kinda wa ndege wa kufugwa huonekana katika juma la kwanza la maisha yake, na nyingi kati ya hizo hutoweka kabla mfugaji hajaziandika. Jambo hili lina uzito hasa pale mayai ya jozi mbili yanapowekwa katika kiota kimoja, au makinda wanapotolewa kiotani ili walishwe kwa mkono, kwa kuwa wasipotambuliwa mapema, ndugu wa damu wanaweza baadaye kuunganishwa na kuzalishwa bila mtu kujua.

Kasuku wa aina zote, pamoja na ndege wadogo walao mbegu kama vile kanari na finchi milia, huanguliwa wakiwa hawaoni na wakiwa karibu uchi, tofauti na vifaranga wa kuku au kware ambao hutembea muda mfupi baada ya kutoka kwenye yai. Tunashauri uchunguzi uanzie miguuni. Kinda wa kasuku ana vidole viwili vinavyoelekea mbele na viwili vinavyoelekea nyuma, ilhali kanari na finchi wana vitatu mbele na kimoja nyuma. Baada ya miguu, kinywa: kanari na finchi huinua shingo na kuachama wanapoomba chakula, na ndani ya kinywa cha finchi milia huonekana madoa meusi kwenye kaakaa, ambayo kanari hana. Kasuku hawaachami kwa namna hiyo. Mama bajerigari, kasuku mdogo afugwaye sana, huwalisha makinda wake wachanga wakiwa wamelala chali, kwa hiyo mfugaji anayemkuta kinda katika hali hiyo asiharakishe kudhani kuwa anaumwa.

Miongoni mwa kasuku wadogo wanaofugwa zaidi, malaika, yaani manyoya mororo ya mwanzo, husaidia sana. Bajerigari huanguliwa akiwa karibu hana malaika kabisa. Kokatieli huwa na malaika marefu ya manjano. Na lavbedi mwenye uso wa waridi huwa na malaika yenye wekundu wa chungwa. Kokatieli akitoka kwenye yai akiwa na malaika meupe, huyo atakuwa wa aina ya uso mweupe, ambayo haina rangi ya manjano mwilini. Wazazi wawili wenye manjano wanaweza kumzaa kinda wa namna hiyo iwapo kila mmoja amebeba sifa hiyo iliyojificha, hivyo kuonekana kwake si ushahidi kwamba yai la jozi nyingine limeingia kiotani.

Ukubwa wa mwili ndicho kigezo kinachowapotosha wengi. Bajerigari hutaga yai moja takriban kila baada ya siku mbili na huanza kuatamia mapema, kwa hiyo katika kiota chenye mayai matano kinda wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nane hivi. Kinda anayeanguliwa akiwa na gramu mbili tu huongezeka uzito kwa kasi mno, kiasi kwamba ndugu hao wawili wanaweza kuonekana kama ndege wa aina mbili tofauti. Udogo wa mmoja haumaanishi, peke yake, kwamba ananyimwa chakula. Kinachopaswa kutazamwa ni gole lake, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, ambalo huonekana wazi kupitia ngozi na ambalo hutuna baada ya kulishwa.

Macho yanastahili kuangaliwa hata kabla hayajafunguka, jambo ambalo kwa bajerigari hutokea karibu na siku ya kumi. Kupitia ngozi nyembamba ya kope, macho ya kinda wa kawaida huonekana meusi, ya lutino na albino, yaani ndege wasio na rangi nyeusi mwilini, huonekana ya waridi, na ya wale wenye rangi ya mdalasini huwa na weusi wa zambarau unaofifia baada ya siku chache. Mfugaji aiandike rangi hiyo siku hiyohiyo.

Kuhusu jinsia, tunawasihi wafugaji wasikisie kwa kupapasa nyonga wala kwa ukali wa kinda. Ipo hali moja ambamo rangi ya macho hutoa jibu la uhakika: baba akiwa lutino na mama akiwa wa kawaida mwenye macho meusi, kwa bajerigari na kokatieli, makinda wote wenye macho ya waridi ni majike na wenye macho meusi ni madume. Sababu ni kwamba sifa hiyo husafirishwa na kromosomu ya Z, mojawapo ya kromosomu za jinsia za ndege, ambayo jike anayo moja tu, aliyopewa na baba yake. Wazazi wakigeuzwa, kanuni hii haifanyi kazi. Nje ya hapo, kipimo cha vinasaba kutokana na tone la damu au manyoya yaliyong'olewa ndicho cha kutegemewa.

Makinda wanaofanana kabisa hutofautishwa kwa nukta ya rangi ya chakula isiyo na sumu kwenye ukucha, inayorudiwa kila inapofifia, mpaka wafikie umri wa kuvalishwa mguuni pete ya utambulisho isiyofunguka. Kwa bajerigari umri huo ni kati ya siku ya tano na ya kumi. Pete ikitangulia huchomoka, ikichelewa haipiti bila kumuumiza. Mikono ioshwe na kupashwa joto kwanza, na kazi ifanywe haraka. Kanari wahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu mama huweza kuiona pete inayong'aa kuwa ni uchafu na kuitupa nje ya kiota pamoja na kinda mwenyewe. Ni vyema pete ivalishwe jioni, wakati mama anakaribia kulala, na kiota kikaguliwe mara kunapopambazuka.