Pale pasipalamu inapokufa, panda ndago

Mvua za Machi zikishanyesha wiki mbili hivi, simu huanza kuingia. Mmoja yuko Ntinda, mwingine Muyenga, mwingine hapa hapa Entebbe, na kilio chao ni kimoja: “Fundi, pasipalamu imekufa tena pale chini ya mwembe.”

Sina ugomvi na pasipalamu. Ni nyasi nzuri, lakini ni mtoto wa jua. Ukiipanda chini ya mwembe mkubwa, au nyuma ya nyumba ambako ukuta wa futi nane umeziba mwanga wa mchana, itapendeza mwezi mmoja au miwili, kisha itarefuka, itapauka, na kuacha mabaka ya udongo mtupu. Mvua inayofuata inaupeleka udongo ule mtaroni. Mizizi ya mwembe inabaki nje kama mbavu, na njia ya kwenda jikoni inaota ukoga wa kijani unaoteleza. Halafu mwenye nyumba ananunua pasipalamu nyingine. Kuna kampaundi moja niliyoikuta imepandwa mara nne mahali pale pale.

Kwa sehemu kama hizo, penye kivuli na unyevu, siku hizi napanda ndago.

Najua neno hilo linavyopokelewa. Mtu aliyelima hata msimu mmoja anaijua ndago ya shambani, Cyperus rotundus, yenye vinundu vyeusi chini ya ardhi vilivyoungana kama shanga. Unang'oa jani, kinundu kinabaki, na baada ya siku chache jani limerudi. Ni gugu la kuogopwa na sitamwambia mkulima yeyote vingine. Ila ndago ni ukoo mkubwa sana. Mafunjo ya kinamasi cha Mabamba, kule watalii wanakomfuata ndege aitwaye korongo-nyangumi, nayo ni ndago. Jenasi moja tu ya ukoo huo, Carex, ina spishi zinazokaribia 2,000. Na yule adui wa shambani hutaka jua kali. Kivuli kizito kinamdhoofisha. Ndago ninazozipanda mimi ni nduguze kwa damu, lakini tabia zimeachana.

Kabla ya kununua, jifunze kuitambua kwa vidole. Shika bua la ua kati ya kidole gumba na cha shahada, ulizungushe taratibu. Bua la nyasi ni la mviringo, litazunguka bila shida. Bua la ndago litakukwamia, kwa sababu lina pembe tatu, na utazihisi moja, mbili, tatu. Litazame shina kutoka juu: majani ya nyasi hupangika safu mbili, ya ndago safu tatu. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa jani, kutoka nchani kurudi shinani, polepole. Utahisi meno madogo kama ya msumeno. Nasisitiza hili kwa kuwa kwenye vitalu vya kando ya barabara utauziwa Ophiopogon au Chlorophytum, ukaambiwa yote ni mamoja. Ni mimea mizuri na hukubali kivuli, lakini si ndago na haitunzwi vile vile.

Kwa ukanda wetu wa ziwani, chaguo langu la kwanza ni Cyperus albostriatus. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Ina majani mapana kidogo yenye mishipa myeupe inayoonekana wazi, na juu ya kila bua majani yamejipanga kama mbavu za mwavuli. Haipandi sana, mara nyingi huishia chini ya goti, na mashina yake ya chini ya ardhi hutembea taratibu mpaka yaifunike sehemu yote. Ipo pia aina yenye michirizi ya malai. Hiyo ukiiona inatoa chipukizi la kijani kitupu, ling'oe mapema pamoja na kipande chake cha chini, kwa sababu lile la kijani lina nguvu zaidi na litawameza wenzake.

Wateja waliosafiri huja na picha ya Carex oshimensis ya Kijapani, ile inayoitwa 'Evergold', yenye utepe wa manjano katikati ya jani na kingo za kijani. Ni nzuri mno na sishangai wanapoipenda. Hapa Entebbe nimeijaribu na haikufa, ila ilidumaa, na kila Januari ncha zake zilikauka. Mteja wangu wa Kabale, kule juu kwenye baridi, anayo iliyonenepa hadi inaning'inia juu ya mawe. Kwa hiyo ukiwa Kabale au Fort Portal, ijaribu. Ukiwa Kampala, pesa yako itaenda mbali zaidi na ile ya Kiafrika.

Mafunjo yenyewe usiyapande chini ya mti. Yanataka jua na maji, yanapita kimo cha mtu mara mbili, na kwenye kivuli yatalala.

Wapo wanaoamini kwamba Carex ni mmea wa Wazungu na Wajapani tu. Waende Rwenzori. Ukipanda kutoka Nyakalengija, siku ya pili au ya tatu unafika kwenye matope ya Bigo, na pale kuna Carex runssoroensis imejijenga vichuguu vya majani, kimoja hapa, kingine pale, vingine karibu kimo cha kiuno. Kabla ya kuwekwa njia za mbao, wapandaji walivuka kwa kuruka kutoka kichuguu hadi kichuguu. Mimi ni wa Kasese, na mara ya kwanza nilipopiga magoti nikatia mkono kati ya majani yale, juu palikuwa na mvua ya barafu, lakini ndani ya fungu majani makavu ya miaka iliyopita yalikuwa yamebana kama blanketi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mmea huu hujitandazia wenyewe. Jani linalokufa halianguki mbali, linabaki kulinda shina. Tangu siku ile sijamruhusu mtu “kuisafisha” ndago kwa panga.

Sasa kupanda kwenyewe. Chini ya mti usiingie na sururu. Mizizi ya juu juu ndiyo inayoulisha mti, na ukiikata, mwembe utakudai miaka mingi. Tumia panga fupi, tafuta nafasi kati ya mzizi na mzizi, fungua vishimo vya kiasi cha kikombe kikubwa, ujaze mboji iliyoiva. Usiletee lori la udongo ukaufukia mguu wa mti, kwani mizizi hukosa hewa. Nyuma ya nyumba mpya tatizo ni jingine: mafundi huacha murram iliyoshindiliwa na mabaki ya saruji. Hayo yatoe yote, hata kama kazi itakula siku nzima.

Unyevu ninaousema si dimbwi. Chukua udongo, ufumbate. Ukishikamana bila kutiririsha maji kati ya vidole, hapo panafaa. Ukitiririsha, chimba kwanza mfereji mdogo.

Shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, iwe sawasawa na uso wa udongo. Ukiifukia, itaoza katika mvua ya kwanza kubwa. Nafasi ni sentimita 30 kati ya mche na mche, yaani miche kama 11 kwa mita moja ya mraba. Mwenye haraka apande kwa sentimita 25, itakuwa 16. Juu yake tandaza maganda ya kahawa yaliyokaa nje yakanyeshewa, unene wa vidole vitatu, bila kuigusa shingo. Maganda mabichi hupata joto yakirundikana, yaache kwanza. Wiki sita za mwanzo mwagilia kila mvua inapokosa siku mbili. Na kuku wafungiwe, maana matandazo mapya kwao ni karamu, na watakung'olea miche yote kwa asubuhi moja.

Lipo pia jambo lililoniumiza. Nilipanda miche zaidi ya mia mbili kwenye nyumba moja karibu na ziwa, nikaondoka nikiwa na furaha. Baada ya siku tisa kijana anayetunza bustani alikuwa ameing'oa yote na kuirundika kando ya geti, kwa moyo safi kabisa. Baba yake alimfundisha tangu utotoni kwamba ndago haiachwi shambani. Hakukosea yeye, sikuwa nimezungumza naye. Siku hizi kabla sijapanda namwita anayeshika jembe, tunapiga magoti pamoja, namwonyesha bua la pembe tatu, kisha tunachimba chini: hakuna kinundu cheusi.

Mama wa nyumba naye huuliza kuhusu nyoka, na swali lake ni la haki. Mimea yoyote minene huweza kuficha. Kwa hiyo naacha mita moja ya mawe au kokoto kando ya kila mlango na kila njia ya watoto, na nawaomba waondoe takataka, kwa sababu nyoka hufuata panya.

Msiende kuchimba miche kinamasini. Tangu mwaka 2000 Uganda ina kanuni zinazolinda ardhi oevu na kingo za maziwa, na kile kinamasi kinachuja maji tunayokunywa. Isitoshe, fungu moja la kitaluni linatosha kuanzia. Baada ya miaka miwili litoe mvua zinapoanza, ligawe kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na mizizi na chipukizi tatu au nne, upande siku hiyo hiyo kabla ya jua kupanda. Langu la kwanza nililileta Entebbe likiwa ndani ya kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, miguuni mwangu kwenye teksi. Wiki iliyopita nimeligawa tena, na vipande kumi na vinne vimekwenda kwa jirani yangu mwenye mfenesi.