Mg sio ml jamani: dhana potofu za vipimo vya dawa ninazozisikia kila siku kwenye dirisha la dawa

Juzi tena kaja baba mmoja na chupa ya dawa ya homa ya mtoto, ananiambia "dokta, tuliambiwa tumpe mg 5 asubuhi, mchana na jioni". Nikamuuliza mg au ml, akajibu "si ndo hizohizo". Sasa hili jibu la "si ndo hizohizo" nimelisikia kwa akina mama, kwa wadada wa kazi, kwa walimu, mpaka kwa watu waliosoma sayansi, na kila nikilisikia moyo unaruka maana najua nyumbani kuna mtoto wa kilo 8 au 10 anayepimiwa dawa na huyu mtu. Kwa hiyo leo naandika yote.

Dhana: mg na ml ni kitu kimoja, tofauti ni herufi tu

Sio kitu kimoja hata kidogo. Mg (miligramu) ni uzito wa dawa yenyewe, ml (mililita) ni ujazo wa yale maji yaliyoibeba. Na hata ukichukua maji matupu yasiyo na dawa, ml 1 ina uzito wa gramu 1, yaani mg 1000, kwa hiyo hata ukitaka kulazimisha zilingane haziji kulingana. Vikombe viwili vya chai vinaweza kuwa vimejaa sawasawa, kimoja kina kijiko kimoja cha sukari kingine vinne, ukiangalia kwa macho huoni tofauti. Dawa ya maji nayo ni hivyohivyo, kujua umempa ml ngapi hakukwambii chochote mpaka ujue kila ml imebeba mg ngapi, na hiyo imeandikwa kwenye lebo, watu hawaisomi tu.

Tuchukue parasetamo. Sirapu ya watoto tunayoiuza sana ni mg 120 kwa kila ml 5, ukigawanya unapata mg 24 kwa ml 1. Halafu kuna ya matone, ile ya chupa ndogo yenye kidonyezi, zipo za mg 100 kwa ml 1. Chupa ya sirapu ya ml 60 yote kwa ujumla ina mg 1440, sawa na gramu 1.44. Kile kichupa cha matone cha ml 15 kina mg 1500, gramu 1.5. Umeona? Kichupa kidogo kina dawa nyingi kuliko chupa kubwa, na mzazi akikiona anasema "hii ndogo ni ya kichanga, haina nguvu".

Sasa mtoto wa kilo 10. Dozi ya parasetamo ni mg 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo kwa kiwango cha juu anahitaji mg 150. Kwa sirapu ile ya 120/5 hiyo ni ml 6.25. Kwa matone ni ml 1.5 tu. Mzazi aliyezoea "tano tano" sirapu ikiisha akanunua matone akaendelea na ml 5, hapo kampa mtoto mg 500, yani kidonge kizima cha mtu mzima ndani ya mwili wa kilo 10, na akirudia mara tatu au nne kwa siku ini la mtoto ndo linalolipa. Kibaya zaidi mtoto anaweza asionyeshe kitu siku ya kwanza, anacheza vizuri tu na ini linaendelea kuumia, kwa hiyo ukishtuka umezidisha nenda hospitali saa hiyohiyo na chupa yako mkononi, usisubiri mpaka macho yawe ya njano.

Amoksilini nayo ina stori yake kwa sababu ile inakuja unga na maji unaweka mwenyewe. Chupa ya 250/5 ya ml 100 ina gramu 5 za dawa, ya 125/5 ina gramu 2.5, na hizo gramu haziongezeki wala kupungua, kinachobadilika ni maji uliyoweka. Watu wanamimina maji, povu linapanda mpaka kwenye alama, wanasema imejaa, kumbe chini ya povu maji ni pungufu. Ukiishia ml 80 badala ya 100, kila ml 5 unayompa mtoto haina mg 250 tena ina karibu 313. Weka maji kidogo kwanza yaliyochemshwa yakapoa, tikisa mpaka unga wote uachie chini, acha povu litulie, ndo uongeze mpaka kwenye alama. Na kabla ya kumpa kila mara tikisa tena. Kama huwezi, leta hapa dirishani nikuwekee mwenyewe, sichoki kufanya hivyo.

Na kijiko cha chai cha nyumbani sikitaki. Vijiko vya kabatini kila kimoja na ukubwa wake, chukua vitatu upime uone. Nunua bomba la sindano la ml 5 bila ile sindano yake, bei yake ni ndogo, lina alama unaziona, mtoto unamwekea pembeni ya shavu hatemi. Mimi mzazi wa mtoto mchanga simruhusu aondoke bila hilo bomba.

Dhana: ukitoka mg kwenda mcg (maikrogramu) unazidisha kwa kumi

Hii najua ilikotoka. Shuleni tulipanda ile ngazi ya kilogramu, hektogramu, dekagramu, gramu, desigramu, sentigramu, miligramu, kila ngazi kumi, tunaimba kabisa. Ngazi ikaishia kwenye miligramu. Mtu akikutana na maikrogramu ukubwani anaiweka hapo chini kama ngazi moja zaidi, anazidisha kumi, wengine kwa mia kama mita na sentimita. Wakati kati ya mg na mcg ni elfu nzima kama ilivyo kati ya gramu na mg. Gramu 1 ni mg 1000, mg 1 ni mcg 1000, basi.

Wanaoumia sana hapa ni wagonjwa wa tezi la shingo wanaotumia levothyroxine. Mwezi uliopita kapewa boksi limeandikwa mcg 100, mwezi huu kampuni nyingine imeandika 0.1 mg, anarudi analalamika amepunguziwa dawa kutoka mia hadi sufuri nukta moja, na mwingine harudi kabisa anaamua kumeza viwili viwili ili "ifike". Ni dozi ileile jamani! 0.1 mg ni mcg 100, 0.05 mg ni mcg 50. Foliki asidi nayo hivyohivyo, mjamzito akisoma mtandaoni mcg 400 akaona dukani kidonge cha mg 5 anaona 5 ni kidogo kuliko 400, kumbe kile cha mg 5 ni mcg 5000, mara kumi na mbili na nusu. Kipo na kina watu wake ambao daktari anawaandikia, ila usijichagulie kwa kuangalia namba bila kipimo chake.

Kwa wenzangu wanaoandika vyeti: ile alama ya µg kwa mkono inasomeka mg, andika mcg au maikrogramu kwa kirefu. Andika 0.5 usiandike .5 maana nukta ikipotea inakuwa 5, na andika 1 usiandike 1.0 maana inasomwa 10. Nimeshapiga simu nyingi kuuliza hicho kinukta, na nitaendelea kupiga.

Dhana: yenye mg nyingi ndo kali

Hapana. Diklofenaki ya mg 50 sio dhaifu kuliko parasetamo ya mg 500, ni dawa tofauti zinafanya kazi kwa kiasi tofauti. Amlodipine mg 5 na losartan mg 50 zote za presha, usizilinganishe kwa namba. Mg unalinganisha ndani ya dawa ileile tu.

Dhana: kidonge cha mg 500 kina uzito wa mg 500

Kina dawa mg 500, kidonge chenyewe kina uzito zaidi kwa sababu kuna unga mwingine wa kukishikilia. Kwa hiyo usikipeleke kwenye mzani wa dhahabu kuangalia kama umeibiwa.

Dhana: IU na yuniti ni aina ya mg

IU (yuniti za kimataifa) haipimi uzito, inapima nguvu ya dawa mwilini, na kila dawa ina hesabu yake. IU 1000 za vitamini D ni mcg 25, IU 1000 za vitamini A ni mcg 300. Hakuna kanuni moja ya kuzigeuza zote, ukiona mtu anakupa moja mkatalie.

Insulini ndo naiogopa zaidi hapa. Insulini nyingi tulizonazo ni yuniti 100 kwa ml 1, kwa hiyo yuniti 10 ni ml 0.1, tone dogo kabisa ndani ya bomba la kawaida. Mtu akichukua bomba la kawaida akavuta ml 1 akidhani ndo kumi, kavuta yuniti 100, sukari inashuka mpaka anapoteza fahamu. Insulini inavutwa kwa bomba lake lenye alama za yuniti, na namba ya bomba ilingane na ya kichupa, 100 kwa 100. Likiisha nyumbani usiazime la kawaida, njoo hata kama ni usiku ugonge.