Kwa nini "slim" inasifu na "skinny" inachoma?

Mpwa wangu wa kidato cha pili aliniletea insha ya Kiingereza iliyorudi na mstari mmoja mwekundu. Alikuwa akimsifu bibi yake: "My grandmother is skinny and beautiful." Mwalimu kapiga mstari chini ya "skinny", basi. Nikafungua nyuma ya daftari nikaona chanzo, safu ya maneno yaliyonakiliwa kwa mwandiko safi: thin = slim = slender = skinny.

"Mjomba, si yote ni mwembamba?" akaniuliza. "Sasa kosa liko wapi?"

Kosa liko kwenye ile alama ya sawasawa. Maneno hayo yote yanaweza kumhusu mtu mmoja mwenye kilo zilezile. Kinachobadilika ni jicho la anayemtazama. "Slim" ni mwembamba anayependeza. "Slender" nayo inasifu, ila ina ulaini na staha, hata shingo na vidole huitwa hivyo. "Thin" iko katikati, na ukimwambia mtu usoni anaweza kudhani unamwona mgonjwa. "Skinny" imezaliwa na "skin", yaani ngozi, na picha inayokuja ni ya mtu aliyebaki ngozi na mifupa. Kwa hiyo insha ile ilikuwa kama kusema: bibi yangu ni kimbaumbau, tena mzuri.

Upande wa unene tahadhari inazidi. "Chubby" ni kibonge, neno la mapenzi kwa mtoto mwenye mashavu. Limetokana na "chub", samaki wa mtoni huko Ulaya, mfupi na mnene. "Plump" ni unene wa kupendeza, na huenda kwa mtoto mchanga, kwa kuku wa kupikwa, hata kwa tunda. "Burly" ni yule tunayemwita mtu wa miraba minne, kifua na mabega, mwanaume karibu kila mara. "Stout" ni kipande cha mtu, mara nyingi wa makamo. "Obese" ni neno la hospitali, lina kipimo chake: gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha gawa tena kwa urefu uleule, ukipata 30 au zaidi, ndipo daktari anapolitumia. Mtu wa mita 1.70 anafika hapo akiwa na kilo 87 hivi. Na "fat"? Hilo likielekezwa kwa mtu huuma.

Hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Shangazi akikuona baada ya mwaka anashika mikono yako na kusema, "Mashaallah, umenenepa!" Ni salamu na dua ndani yake, maana yake mambo yako yanakunyookea. Ukiipeleka neno kwa neno kwa Mwingereza, "You have become fat", umemjeruhi. Anachosubiri kusikia ni "You look well", ambayo ndiyo ile "umenawiri" yetu.

Kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivyo? Kimeyakusanya kwa nyakati tofauti, kutoka kwa watu tofauti. "Fat", "thin" na "lean" ni ya zamani kabisa, ya wakulima wa Kisaksoni. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa mabwana wakawa wanasema Kifaransa. Humo ndimo ilimotoka "stout", ambayo mwanzoni ilimaanisha jasiri na mwenye majivuno. Ya unene ilikuja baadaye sana. Wasomi na matabibu wakachota Kilatini: ndani ya "obese" mna kitenzi cha kula. "Slim" ilitoka kwa Waholanzi katika karne ya 17, na kwao hadi leo ina maana ya mwerevu. Kila neno liliingia na hadhi ya waliolileta, na hadhi hiyo haijafutika.

Sisi tunaujua mchezo huu. "Amekonda" ni ya Kibantu, inasemwa jikoni na barabarani. "Amedhoofu" ilitoka kwa Waarabu, nayo ndiyo utakayoisikia kwenye taarifa ya mgonjwa. Tena Kiswahili kina njia ambayo Kiingereza hakiitumii sana: tunabadilisha kichwa cha neno tu, mtu anakuwa jitu au kijitu, na dharau au hofu imeshasikika. Mwingereza ana viambishi vichache vya namna hiyo, kwa hiyo mara nyingi hutafuta neno jingine kabisa.

Hisia ya neno hutegemea pia lilikotumika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, watu walianza kukonda na kufa. Ugonjwa wakauita "Slim". Mwaka 1985 madaktari waliandika habari zake kwa jina hilohilo katika jarida la The Lancet, ulikuwa UKIMWI. Neno lililouza vyakula vya kupunguza mwili Ulaya likawa jina la msiba kwa jirani zetu, na kwa waliozika ndugu zao miaka ile haliwezi kusikika kama sifa tupu.

Mpwa wangu alifuta alama zote za sawasawa. Mbele ya kila neno akaandika nani huambiwa, na ya bibi akaigeuza kuwa "slim". Kisha akaniuliza aliyekonda kama ng'onda Waingereza humwitaje. Nikamwambia wao hawana habari na samaki wa kuanikwa juani. Husema "as thin as a rake", mwembamba kama reki ya bustanini. Akaiandika, na pembeni akachora samaki.