Setilaiti inauona mkorosho, ila kuutambua ni kazi yetu sote

Watu wengi wakisikia setilaiti na akili mnemba wanadhani ni mambo ya nchi za wenzetu, wakati Mtwara na Lindi zinapigwa picha kila siku na picha nyingi ni za bure kabisa. Setilaiti za Landsat za Marekani zilianza kuruka 1972, na tangu 2008 mtu yeyote anazichukua picha zake bila kulipa. Alafu kuna Sentinel-2 za Ulaya, hizi zinapita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi na kitone kimoja cha picha (pikseli) ni mita 10 kwa 10 za ardhi. Mkorosho ukipandwa kitaalam nafasi yake ni mita 12 kwa 12, kwahiyo kitone kimoja ni karibu mti mmoja.

Picha zipo, kazi iko kwenye kuzisoma. Hakuna mtu atakaekaa aangalie kitone kimoja kimoja kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba, ndo maana sisi tunaochora ramani tunatumia akili mnemba, tunaionyesha sehemu tunazozijua kwa uhakika, huu msitu, hapa mikoko, hili shamba la ufuta, yenyewe inaenda kutafuta zinazofanana. Sasa huku kwetu kusini kuna mtego. Mikorosho mikubwa iliyoshikana matawi, ukiitazama toka juu, inaonekana msitu. Programu iliyofundishwa kwa mifano ya nchi nyingine itakwambia msitu upo salama kumbe watu walishafyeka wakapanda korosho miaka mingi tu, na ukipanga uhifadhi kwa ramani ya hivyo umewaonea watu na msitu wenyewe hujauokoa.

Tunachofanya ni kuangalia majira. Miti mingi ya miombo inapukutisha majani kiangazi, mkorosho unabaki kijani, kwahiyo picha za masika na za kiangazi zikiwekwa pamoja tofauti inajitokeza. Lakini sio kila mahali, maana kuna vichaka vya pwani huku Lindi navyo vinabaki kijani, na hapo hata kompyuta iwe kubwa vipi lazima mwenyeji aseme.

Moto kichaa nao ni hivyohivyo. Kuna setilaiti zinazohisi joto usiku na mchana, na NASA, shirika la anga la Marekani, wanaweka taarifa wazi ndani ya masaa machache, ila kitone chake ni mita 375, yaani karibu eka 35! Inakwambia kuna moto upande ule, haikwambii ni mtu anasafisha shamba lake au ni moto umeshamshinda unaelekea kwenye mikorosho ya jirani. Anaejua ni aliepo pale.

Na mafuriko. Mei 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kuja huku ikakatika Kilwa, mawingu yalitanda na picha za kawaida hazipenyi mawingu. Hapo inatumika rada ya Sentinel-1, inatuma mawimbi yake yenyewe, yanapita kwenye wingu, yakigonga maji yaliyotulia yanateleza kwenda upande mwingine, ndo maana maji yanaonekana meusi. Shida jaruba la mpunga lenye maji linaonekana jeusi vilevile, usipojua bonde lipi ni la mpunga utapeleka msaada kusikohitajika.

Kwahiyo wazee wangu na vijana wa vijijini, wataalam wakija kuchukua alama za ramani msiwaonyeshe njia tu mkaondoka, ingieni nao. Mwenye simu janja awashe lokesheni, asimame katikati ya shamba sio pembeni ya barabara, aandike ni mazao gani, mara ya mwisho pameungua lini, na hasa mikorosho ilipandwa mwaka gani. Huo mwaka tunautaka sana, maana tukiupata tunarudi kwenye picha za zamani tunaangalia kabla ya korosho pale palikuwa na nini.