Kujua SPSS si kujua baiostatistiki

Kila ufadhili wa masomo ya uzamili ukitangazwa, huku Mtwara nasikia kauli ileile kuhusu SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu: "Naomba baiostatistiki, maana SPSS tayari naijua." Wanaosema hivyo ni vijana wenye bidii, na baadhi yao tayari ni maofisa afya. Ndiyo maana naona inafaa jambo hili liwekwe sawa.

Maana yenyewe ni fupi. Baiostatistiki ni elimu ya kupanga namna ya kupata takwimu za afya na viumbe hai, kuzichambua, na kupima ni kwa kiasi gani tunaweza kuziamini. Katika afya ya mazingira inauliza hewa, maji, vumbi na viuatilifu vinamfanya nani nini, na kwa kiasi gani.

SPSS, Stata na R ni programu za kukokotoa. Zinatii amri, basi.

Chukua salfa. Kuanzia Juni hivi, mikorosho inapotoa maua, wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Mashine iko mgongoni, unga wa njano unapanda matawini, na mwingine unamrudia mpulizaji machoni na puani. Salfa huwasha macho na njia ya hewa, hilo halina ubishi. Swali la utafiti ni kama misimu mingi ya kupuliza inadhoofisha mapafu.

Anayetegemea programu atachukua wapulizaji na wasiopuliza, apime mapafu yao kwa spirometa, kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, aingize namba, na huenda jibu likatoka kwamba wapulizaji wana mapafu mazuri kuliko wenzao. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini nani anapuliza? Ni wenye nguvu za kubeba mashine. Aliyeanza kubanwa kifua msimu wa juzi amemwachia mdogo wake au anaweka kibarua, na leo anahesabiwa kati ya "wasiopuliza", akiushusha wastani wao. Mgonjwa amehama kundi, na madhara yake amehama nayo. Wataalamu huliita jambo hili athari ya mfanyakazi mwenye afya, na si geni: William Ogle, aliyeshughulikia takwimu za vifo Uingereza, alilieleza mwaka 1885.

Aliyesomea baiostatistiki anauona mtego huo kabla hajaandika dodoso. Atawapima watu walewale kabla ya msimu, katikati, na baada yake. Atamtafuta aliyeacha kupuliza amuulize kwa nini aliacha. Ataulizia sigara na moshi wa kuni jikoni. Atakumbuka kwamba vumbi halijui mpaka wa shamba, kwa hiyo jirani asiyepuliza naye analivuta. Na hatawahesabu watu 300 wa vijiji 3 kama ushahidi sawa na watu 300 wa vijiji 30, kwa kuwa wa kijiji kimoja huvuta hewa moja na hupuliza karibu wakati mmoja.

Ndiyo maana mafunzo haya hayaishi kwa semina ya wiki. Marekani, taasisi ya taifa ya sayansi za afya ya mazingira, NIEHS, hufadhili wanafunzi wa uzamivu wa baiostatistiki wafunzwe bega kwa bega na watafiti wa mazingira. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, imeweka epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea, na baiostatistiki katika idara moja. Mwanafunzi anapaswa kuimudu hisabati ya uwezekano, na pia ajue kwa nini kichujio cha kupimia vumbi hubanwa karibu na kola ya mfanyakazi: tunataka hewa anayoivuta yeye, si ya shamba zima.

Kuingiza na kupanga data ni kazi ya maana, na anayeifanya vizuri astahili sifa yake. Ila kijana, barua yako ya maombi usiianze na programu. Anza na swali lako, useme utamlinganisha nani na nani, na ambao hawatakuwemo wameachwa kwa sababu gani.